Uganda: Nani humchagua mgombea kabla ya mpiga kura?

Kila siku maelfu ya watu hufurika Kikuubo, vichochoro vya biashara ya jumla katikati ya Kampala. Jioni wengi wao hurejea makwao Wakiso, Mukono au tarafa nyingine za jiji. Kisheria, mtu hujiandikisha kupiga kura anakoishi au kwao kwa asili. Duka pekee halimpi haki hiyo. Hivyo, wengi wanaoendesha biashara Kikuubo hawana kura katika Tarafa ya Kati, na hata kwao, orodha ya wagombea hupunguzwa mapema na vyama.

Vyama huwateuaje?

Njia hutofautiana. Chama tawala, NRM, huwapata wagombea ubunge kwa kura ya mchujo. Tarehe 17 Julai 2025, wanachama walijipanga mstari hadharani nyuma ya mgombea wanayemtaka, kijiji kwa kijiji, kwa kufuata daftari la chama. Mgombea urais huidhinishwa na mkutano mkuu wa taifa.

NUP haitumii mchujo wa namna hiyo: waombaji huwasilisha maombi, kisha kamati ya chama huwahoji na kutoa tiketi. FDC nayo mwaka 2015 ilimpata mgombea wake wa urais kwa kura za wajumbe, Kizza Besigye alipomshinda Mugisha Muntu.

Ngazi ya kijiji ikoje?

Wenyeviti wa LC1 huchaguliwa na wakazi wenyewe kwa kujipanga mstari, kama ilivyokuwa Julai 2018. Mbunge, Meya Mkuu na meya wa tarafa huchaguliwa kwa kura ya siri.

Anayekosa tiketi hufanya nini?

Katiba inamruhusu kuwania akiwa mgombea binafsi. Muhammad Nsereko aliingia bungeni mwaka 2011 kwa tiketi ya NRM akiwakilisha Kampala ya Kati, jimbo lenye Kikuubo. Baada ya kufukuzwa chamani, alishinda tena mwaka 2016 na 2021 bila chama.

Kwa nini jambo hili ni muhimu?

Mstari wa hadharani hurahisisha kuhesabu, lakini jirani, mwajiri na mdeni wako huona ulikosimama. Mahojiano ya kamati huondoa hofu hiyo, ila huwaachia watu wachache uamuzi. Kwa vyovyote, anayesubiri siku ya uchaguzi mkuu huchagua miongoni mwa waliokwisha kuchaguliwa na wengine.