TEMBE HAHARAKISHWI
Chakula cha kuku kabla hajaanza kutaga

Watu wengi wafugao kuku wachache nyuma ya nyumba hufanya kosa moja, nami pia nililifanya. Humwona tembe, yaani kuku jike ambaye bado hajataga, akila kila siku pasipo kulipa kitu, nao huona uchungu wa fedha zao. Basi humnunulia chakula cha kuku watagao, wakitumaini kwamba yai litawahi. Yai haliwahi, na hasara huja.

Mimi ni karani wa serikali, na nyumba yangu iko upande wa Machakos. Nilinunua vifaranga 20 wa kike ili mayai yao yasaidie karo ya binti yetu. Walipotimiza majuma 9 niliacha kuwapa chakula cha kuku wanaokua, nikaleta gunia la chakula cha kuku watagao. Mke wangu alilitazama gunia lile akasema, "Baba watoto, mtoto halishwi muthokoi ili awahi kwenda kulima." Nilimjibu kwamba hesabu nimekwisha kuifanya.

Katika juma la 17 kuku walianza kudhoofika. Walisimama pembeni wamejikunyata, na kinyesi chao kilikuwa majimaji meupe. Wanne wakafa. Afisa wa mifugo alimpasua mmoja mbele yetu, tukaona figo zimevimba, na juu ya moyo na ini pametanda kitu cheupe mfano wa vumbi la chokaa. Alipokwisha kunawa mikono aliuliza neno moja tu: "Mmewalisha kutoka gunia gani?"

Chokaa nyingi kabla ya wakati

Yafaa wasomaji wajue sababu. Ganda la yai moja hutumia gramu 2 hivi za madini ya chokaa. Kwa hiyo chakula cha kuku watagao hutiwa chokaa nyingi, yapata sehemu 3 na nusu hata 4 katika kila 100. Tembe anayekua anahitaji sehemu 1 tu. Ile inayozidi haina yai la kuingia, hivyo figo hulazimika kuitoa, nazo zikilemewa siku nyingi huharibika. Figo iliyokwisha kuharibika hivyo haiponi, na kuku huyo huweza kufa wakati ule ule unapotazamia yai lake la kwanza.

Kuna wengine wanaokosea kwa upande wa pili. Huwapa tembe mahindi matupu, wakisema kuku wa nyumbani atajitafutia mengine. Mahindi hunenepesha, lakini yana protini sehemu 8 au 9 tu katika 100, na tembe anahitaji 15 au 16 ili ajenge mifupa na misuli. Kuku wa namna hiyo huchelewa, hutaga mayai madogo, na huchoka upesi.

Utaratibu ufaao

Tangu kuanguliwa hata majuma 8, wape chakula cha vifaranga. Tangu majuma 8 hata 18, wape chakula cha kuku wanaokua. Katika juma la 9 kila tembe hula gramu 55 hivi kwa siku, na kufikia juma la 17 hula gramu 80 hivi. Kwa hiyo tembe 20 watakula kilo 1 na zaidi kidogo kwa siku mwanzoni, na kilo 1 na nusu au zaidi mwishoni. Hesabu hiyo ni ya kuku wa kisasa wa mayai. Kuku wa kienyeji hukawia zaidi kutaga, basi umtazame kuku mwenyewe kuliko kalenda.

Waongezee mchicha au sukuma wiki, uzifunge juu kidogo wazidonoe. Wale wanaokula mboga na nafaka nzima wawekewe changarawe ndogo za kusagia chakula tumboni. Maji safi yasikosekane hata saa moja.

Tena, usiwape mahindi yenye ukungu kwa kusema kwamba hayo ni ya kuku. Sisi wa Ukambani hatujasahau mwaka 2004, ambapo watu 125 walikufa, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu. Sumu hiyo humdhuru kuku pia.

Dalili za kubadili chakula

Majuma mawili hivi kabla ya yai la kwanza, mwili wa tembe huanza kuweka akiba ya chokaa ndani ya mifupa. Huo ndio wakati wake. Utamjua kwa upanga wa kichwani na ndevu zake, ambavyo hukua na kuwa vyekundu sana. Naye ukimkaribia huchutama chini badala ya kukimbia. Hapo changanya vyakula viwili kwa muda wa juma moja, ukiongeza kile cha watagao kidogo kidogo hata kile cha zamani kiishe. Ikiwa tembe wako hawakuzaliwa pamoja, wote waendelee na chakula cha wanaokua, na wale watagao wawekewe maganda ya chaza yaliyopondwa katika chombo cha peke yake. Anayeyahitaji atayala, na asiyeyahitaji kwa kawaida hula kidogo tu.

Mwaka uliofuata nilinunua vifaranga 20 wengine. Safari hii mke wangu ndiye aliyeshika daftari, nami nilibeba magunia aliyoniagiza. Yai la kwanza lilipatikana katika juma la 21. Hakufa tembe hata mmoja, na muhula wa pili karo ya binti yetu tuliilipa bila kukopa.