Mashine Iliyoshinda kwa Kutochoka

Wengi wanaokwenda Bletchley Park, kaskazini-magharibi ya London, hufuata habari za wafumbuzi wa siri za Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili. Wakishaona hayo, huondoka. Wanapunjika, maana humohumo, katika Jengo H, yamo Makumbusho ya Taifa ya Kompyuta, yenye tiketi yake, na mitambo yake kadhaa bado inafanya kazi.

Mimi ningeanzia kwa mtambo wa kompyuta uitwao WITCH. Una uzito wa tani mbili na nusu na umejaa taa ndogo za gesi ziitwazo dekatroni. Kila moja hushika tarakimu moja, sifuri hadi tisa, na nukta ya mwanga wa rangi ya chungwa huzunguka ndani yake kadiri hesabu inavyopanda. Unasimama mbele ya mtambo na kuisoma kumbukumbu yake kwa macho. Jaribu kufanya hivyo na simu yako.

Haraka hauna. Kuzidisha namba mbili tu huchukua sekunde kadhaa, na hata ulipoanza kazi mwaka 1951, katika kituo cha utafiti wa atomiki cha Harwell, ulikuwa mzito. Mwanahisabati mmoja wa pale alishindana nao kwa kikokotoo cha mezani. Akaenda nao bega kwa bega kama nusu saa, kisha akasalimu amri, hoi. Mtambo ukaendelea. Hiyo ndiyo kazi uliyoundiwa: kuwatua watu hesabu ndefu za kuchosha, usiku kucha ikibidi, ukisoma maagizo kwenye mikanda ya karatasi yenye matundu.

Mwaka 1957 ulikwenda chuo kimoja cha Wolverhampton, ukafundishia wanafunzi hadi 1973. Baadaye ukafunguliwa vipande na kutupwa stoo. Watu wa kujitolea waliuunda upya, na Novemba 2012 ukawaka tena.

Ukumbi mwingine umejaa makabati ya ICL 2966, kompyuta kuu ya miaka ya 1980. Mtanzania asipite hapo mbio. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta yake ya kwanza, ICT 1500, na kampuni hiyo ya ICT ndiyo iliyoungana na nyingine mwaka 1968 ikawa ICL.

Ukipanga safari, ulizia kwanza WITCH huwashwa lini, na utenge muda wa kuungoja umalize walau hesabu moja.