Karatasi za Ukutani Zilizomfunza Magritte

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, René Magritte alikuwa kijana wa Kibelgiji aliyeishi kwa kubuni mapambo ya karatasi za kubandika ukutani, katika kiwanda cha Peters-Lacroix. Baadaye alijitegemea, akachora mabango na matangazo ya biashara, yakiwemo ya Norine, nyumba ya mitindo ya mavazi jijini Brussels. Wengi wanaosimulia maisha yake huipita miaka hiyo haraka. Hupenda zaidi kisa cha mama yake, aliyejitosa katika mto Sambre mwaka 1912, wakakiona kifo hicho kila penye uso uliofunikwa kitambaa, kama katika picha ya wapendanao aliyoichora 1928. Magritte mwenyewe hakuupenda ufafanuzi wa namna hiyo.

Tuitazame kazi yenyewe. Tangazo zuri huonyesha kitu kimoja kwa uwazi: kiatu, koti, chupa. Mpita njia akitupa jicho tu, ameshaelewa. Ustadi huo Chuo cha Sanaa cha Brussels, alikoanza kusoma mwaka 1916, hakikumpa. Alipotoka huko alichora kwa kufuata nyayo za wachoraji wakubwa wa kikubisti na kifuturisti; kazi safi, lakini sauti ya wengine.

Kilichomgeuza ni nakala ya picha ya Giorgio de Chirico ya mwaka 1914: kichwa cha sanamu ya kale, glavu ya mpira na tufe la kijani, vyote mahali pamoja bila sababu. Hakuna kilichopotoshwa pale. Ajabu inatokana na ujirani wa vitu hivyo tu. Kwa mtu aliyezoea kuchora bidhaa zikaeleweka, mlango ulikuwa umefunguka.

Mwaka 1926 jumba la sanaa la Le Centaure lilimpa mkataba, akaacha kwa muda kuhangaikia matangazo. Mwaka huo alichora mwendesha farasi akikimbia katikati ya nguzo zilizokerezwa kama miguu ya meza, zikichipua matawi. Mwenyewe aliihesabu kuwa picha yake ya kwanza ya kisurialisti. Onyesho lake la kwanza la peke yake, 1927, wahakiki hawakulipenda.

Akahamia Ufaransa, karibu na Paris, kwenye kundi la André Breton, aliyetoa ilani ya usurialisti mwaka 1924. Wenzake wengi walifuata ndoto, au waliuachia mkono uchore wenyewe bila kuongozwa na akili. Magritte hakuifuata njia hiyo. Mwaka 1929 alichora kiko kamili, bila mbwembwe, kama cha tangazo la tumbaku, kisha chini yake akaandika kwa Kifaransa kwamba hiki si kiko. Ni mfumo wa tangazo, picha juu na maneno chini, isipokuwa maneno yanaikana picha. Na yanasema kweli: nani ataijaza turubai tumbaku?

Mdororo wa uchumi ukamaliza mkataba. Mwaka 1930 alirudi Brussels, akafungua na ndugu yake Paul ofisi ndogo ya matangazo, Studio Dongo, nyumbani kwake Jette. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho. Anayetaka kuelewa kwa nini kiko chake kinaeleweka na kutatanisha kwa wakati mmoja, aanze na matangazo yake kabla ya kwenda kwa wachambuzi wa ndoto.