Mafuta ya Haruni Si Kinga ya Maswali

Kila nifundishapo somo la tafsiri, hutokea mwanafunzi akauliza kama Biblia haijipingi yenyewe kuhusu kutiwa mafuta kwa makuhani. Swali hilo si utovu wa imani. Kitabu cha Kutoka, sura ya 40, chamwagiza Musa awatie mafuta wana wa Haruni kama alivyomtia baba yao. Walawi, sura ya 21, nacho chamtambulisha kuhani mkuu kuwa ndiye aliyemiminiwa mafuta kichwani, kana kwamba nduguze hawakuyapata. Je, walitiwa au hawakutiwa?

Jawabu laanzia kwenye vitenzi. Kiebrania kina kitenzi mashah, yaani kupaka, chenye maana pana: hutumika kwa makuhani, wafalme na hata vyombo vya hema. Walawi, sura ya 8, chapambanua vitendo vyenyewe. Haruni alimiminiwa mafuta kichwani. Baadaye yeye na wanawe wakanyunyiziwa mafuta pamoja na damu ya madhabahuni. Mafuta yaliwafikia wote, lakini mmoja tu ndiye aliyemiminiwa. Sidai kwamba sarufi humaliza kila ugumu; wako wataalamu wanaoona humo mikono ya waandishi wa nyakati mbalimbali. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mkinzano huyeyuka pindi vitenzi vinapotenganishwa.

Kwa nini nayasema haya gazetini badala ya darasani? Kwa sababu kutokana na kitenzi hicho hicho lilizaliwa jina ambalo Kiswahili kimelipokea kupitia Kiarabu: Masihi. Nalo, kwa maana ya mtiwa mafuta, limekuwa ngao ya baadhi ya wahubiri wetu. Muumini akiuliza sadaka imekwenda wapi, au kwa nini mgonjwa akatazwe hospitali, hujibiwa kwamba Zaburi ya 105 imeharamisha kuwagusa watiwa mafuta.

Na tuisome Zaburi hiyo. Inawazungumzia Abrahamu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache wakitangatanga katika nchi za watu. Walinzi wao walihitajika dhidi ya wafalme wenye nguvu. Fungu lililowakinga wanyonge limegeuzwa kuwa kinga ya wenye nguvu dhidi ya wanyonge!

Isitoshe, kutiwa mafuta hakukumzuia yeyote kukosolewa. Daudi alikataa kumwua Sauli, lakini alitoka pangoni akamwuliza waziwazi kwa nini anamwinda. Daudi mwenyewe, naye akiwa ametiwa mafuta, alikaripiwa na nabii Nathani kwa ajili ya mke wa Uria. Kuepuka kumdhuru mtu ni jambo moja; kumnyamazia ni jingine.

Waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya 2, wasema waumini wote wamepokea mafuta hayo, na ule wa kwanza wa Petro, katika sura ya 2, wawaita wote ukuhani. Basi ikiwa mafuta humpa mtu haki ya kusikilizwa, mama aketiye benchi la nyuma anayo haki hiyo sawa na aliyeshika kipaza sauti.

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Mwokozi. Baada ya makaburi hayo, anayewakataza waumini kuuliza hawezi kujificha nyuma ya kitenzi cha Kiebrania. Tuwafundishe watoto wetu kusoma fungu zima, kisha waulize.