Ngome za Warumi: Ushahidi Unaooza Kimya

Kusini kidogo mwa Ukuta wa Hadrian, kaskazini mwa Uingereza, Warumi walijenga ngome ya Vindolanda yapata mwaka 85, kabla ukuta wenyewe haujaanza kujengwa mwaka 122. Ngome hiyo ilibomolewa na kujengwa upya mara kadhaa, na kila mara mabaki yalifukiwa. Tabaka za chini zililowa maji, oksijeni ikakosa njia, na bakteria waozeshao mbao na ngozi wakashindwa kustawi.

Ndiyo sababu, tangu mwaka 1973, vimefukuliwa humo vibao vyembamba vya mbao zaidi ya 1,700: hesabu za askari, maombi ya likizo, hata mwaliko wa Claudia Severa kwa Sulpicia Lepidina kuhudhuria sikukuu yake ya kuzaliwa. Viatu vya watoto vinathibitisha kwamba familia ziliishi pale. Kuta za mawe zisingeweza kusema hayo.

Hifadhi hiyo inategemea sharti moja, yaani maji yasipungue. Udongo wa mboji ukikauka, husinyaa na kupasuka. Hewa hupenya kwenye nyufa, na mvua kubwa inayofuata huingiza maji yenye oksijeni hadi tabaka za chini. Bakteria huamka. Madini ya salfa nayo hugeuka asidi. Maji yakirudi baadaye, hayarudishi kilichokwisha kuoza.

Katika ngome ya Magna, magharibi mwa Vindolanda, ardhi imeshuka hadi mita moja mahali fulani katika takriban mwongo mmoja. Sasa vifaa vya kupimia vimezikwa ardhini kufuatilia unyevu na kemia ya udongo, huku uchimbaji ukiendelea tangu 2023. Mwelekeo wa hali ya hewa hautoi nafuu: Julai 2022, joto nchini Uingereza lilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za vipimo.

Mwisho wa mchakato huu unajulikana. Katika eneo la akiolojia la Star Carr, Yorkshire, mifupa na pembe zilizochimbwa kati ya 1949 na 1951 zilikuwa imara, lakini zilizobaki ardhini zilikutwa zimelainika nusu karne baadaye. Mifereji ya kilimo ilikuwa imekausha eneo, na asidi ikafanya yaliyobaki.

Sheria za urithi zinaweza kuzuia jembe na wezi wa mambo ya kale. Haziwezi kuzuia kiwango cha maji ardhini kushuka. Kuchimba haraka nako kunahitaji maabara na fedha, kwa kuwa mbao ikifikiwa na hewa huanza kuharibika papo hapo. Wakati huohuo, sehemu kubwa ya ngome zilizo karibu na Ukuta wa Hadrian haijachimbwa. Juu nyasi ni zilezile, na kinachopotea chini yake hakimo katika orodha yoyote, hivyo hasara yake haitahesabika kamwe.