Chambo na Mvuvi: Uteuzi na Upatikanaji wa Chambo katika Uvuvi wa Pwani na Ziwa

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mtego bila ya chambo haunasi. Methali hii husomwa darasani, hufafanuliwa kwa sentensi moja kwamba atakaye kupata hana budi kutoa, kisha mwalimu na wanafunzi huendelea na nyingine. Ni nadra kuulizwa: chambo kipi? Kwa samaki yupi? Kilipatikana wapi, na kwa gharama gani? Kwa mvuvi, maswali haya si ya pembeni. Ndiyo yanayoamua kama atarudi pwani na kitoweo au na mashua tupu.

Makala haya yananuia kueleza jinsi chambo kinavyoteuliwa na kinavyopatikana katika aina mbalimbali za uvuvi nchini Kenya, hasa katika pwani ya Bahari Hindi na katika Ziwa Viktoria. Aidha, yanadokeza kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye pengine hajawahi kushika mshipi, anapaswa kuyajua mambo haya.

Chambo ni nini, na si nini

Si kila uvuvi unahitaji chambo. Jarife, juya na uzio humzuia samaki njiani apitapo; kimia humwangukia pale alipo. Vyombo hivi havimwombi samaki lolote. Mshipi na lema, kwa upande mwingine, havina nguvu yoyote mpaka samaki mwenyewe akubali kusogea. Chambo basi ni kile kinachomfanya samaki aje kwa hiari yake.

Kutokana na maana hii, tunaweza kutenga chambo na vitu viwili ambavyo baadhi ya watu huvichanganya nacho. Cha kwanza ni utupa, mmea ambao hupondwa na kutiwa katika maji yaliyotuama ili kuwalevya samaki. Cha pili ni baruti. Hivi havimwiti samaki bali humwangamiza, tena pamoja na vitoto vyake na wengine wasiohitajika. Chambo huchagua, sumu na baruti havichagui. Ndiyo maana mvuvi wa mshipi huweza kusema asubuhi kuwa leo anakwenda kutafuta changu, ilhali mwenye baruti hawezi kusema neno kama hilo.

Misingi ya uteuzi

Mvuvi anayeteua chambo huongozwa na mambo manne. La kwanza ni chakula cha kawaida cha samaki anayelengwa. Tafi hula mwani. Ukimtupia kipande cha nyama ya samaki huenda asijali. Tewa hukaa pangoni akiwavizia samaki na kaa. Mwani kwake si kitu.

La pili ni hisi ambayo samaki hutegemea. Papa hunusa damu na mafuta kutoka mbali, na kwa hivyo chambo chake hufaa kiwe chenye harufu kali, kama vile mapande ya jodari. Nguru na kolekole hutegemea macho zaidi. Kwao kinachovutia ni mng'ao na mwendo.

La tatu ni mdomo na namna ya kula. Changu huuma na kutafuna. Tewa humeza kwa mkupuo mmoja. Nguru, mwenye meno makali, hukata windo lake kwa kasi, aghalabu kutoka nyuma. Ndiposa anayemvua nguru hufunga waya juu ya ndoana ili mshipi usikatwe, na huhakikisha kuwa ndoana haiko mbali na mkia wa chambo.

La nne ni uimara. Chambo laini huvutia lakini huchomoka upesi, na samaki wadogo hukidonoa kikaisha kabla ya mkubwa kufika. Nyama ya ngisi na ya pweza hupendwa na wavuvi kwa sababu ni ngumu. Hudumu kwenye ndoana hata katika maji yenye mkondo.

Chambo kwa aina ya uvuvi

Katika uvuvi wa malema, chambo hutiwa ndani ya mtego uliosukwa, wenye mlango unaomruhusu samaki kuingia na kumtatiza kutoka. Lema hutegwa katika maji yasiyo na kina kirefu, penye nyasi za baharini na matumbawe, ambako tafi na pono hulisha. Kwa sababu hiyo, chambo chake aghalabu ni mwani uliochanganywa na viumbe waliopondwa, kama vile konokono wa mikoko. Kule kuponda si kwa urahisi wa kubeba. Kunatoa harufu ambayo mkondo huisambaza.

Katika uvuvi wa mshipi wa mkono, mvuvi hutumia minyoo, kamba, kaa wadogo, vipande vya ngisi au vya samaki. Ndoana ndogo na mnyoo hufaa kwa changu na samaki wengine wa wastani. Ndoana kubwa na dagaa mzima, au pande la ngisi, hufaa kwa tewa.

Katika kurambaza, mshipi hukokotwa nyuma ya chombo kinachokwenda. Hapa chambo lazima kionekane kuwa hai. Chuchunge, samaki mwembamba na mrefu, hufaa sana kwa kuwa hukata maji bila kuzunguka. Pia hutumika ukanda uliokatwa tumboni mwa samaki, sehemu yenye weupe unaong'aa. Wengine hutumia chambo bandia cha manyoya meupe au nyuzi za plastiki. Uvuvi huu hunoga zaidi wakati wa kaskazi, takriban kati ya Novemba na Machi, bahari inapotulia na vyombo vidogo kuweza kuvuka mwamba. Kusi inapovuma, wengi hubaki ndani ya mwamba na malema yao. Kwa hivyo upepo nao huamua chambo.

Katika Ziwa Viktoria, mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, huvuliwa kwa mishipi mirefu yenye ndoana nyingi. Yeye hupenda chambo kilicho hai. Awali fulu walikuwa wengi ziwani, lakini idadi yao iliporomoka katika miaka ya 1980 baada ya mbuta mwenyewe kuongezeka. Mvuvi akajikuta katika kitendawili: samaki anayemtaka amekula chambo chake chote kabla ya kutegwa. Jawabu mojawapo limekuwa kambare mchanga, ajulikanaye kwa Kijaluo kama mumi. Kambare ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa, hivyo huhimili kubebwa katika ndoo na kukaa muda mrefu kwenye ndoana angali hai.

Aina ya mwisho ni ya ajabu kwa kuwa chambo chake hakiliwi. Omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipoonekana, kwa taa za karabai na, siku hizi, taa za umeme wa jua. Mwanga huvuta wadudu na viumbe vidogo vya majini. Omena nao hukusanyika, kisha wavu huwazunguka. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hupoteza nguvu. Hapa chambo kina mshindani mbinguni.

Namna ya kukipata chambo

Kabla ya kuvua samaki, mvuvi huwa amekwisha kuvua chambo. Kazi hii ina elimu yake. Minyoo ya tope, ambayo wenyeji huiita choo na mwata, huchimbwa maji yanapotoka, hasa siku za bamvua ambapo pwani huachwa wazi kwa mapana. Mchimbaji husoma vitundu vilivyo juu ya tope, kisha huchimba pembeni mwake, si juu yake, ili asimkate mnyoo. Aliyekatwa hulegea na kufa upesi. Waliopatikana huwekwa kivulini katika kopo lenye tope bichi. Mida, karibu na Watamu, ni mojawapo ya sehemu ambazo uchimbaji huu unafahamika.

Pweza naye hutafutwa mwambani wakati huohuo wa maji kupwa, kwa chuma chembamba kinachoingizwa katika mashimo anamojificha. Kazi hii hufanywa na wanaume na wanawake, na yule asiyefaa kuuzwa huweza kukatwakatwa kuwa chambo. Dagaa hupatikana kwa kimia kinachorushwa karibu na ufuo. Kambare wachanga hukusanywa vinamasini au hununuliwa kwa wafugaji wa samaki. Kwa njia hii, chambo kimegeuka bidhaa yenye soko lake: kuna wanaoishi kwa kukichimba au kukifuga bila wao wenyewe kutia ndoana majini.

Gharama ya chambo

Chambo hakitoki bure baharini. Tope linapochimbuliwa mara kwa mara mahali pamoja, mizizi ya mikoko huachwa wazi na makao ya minyoo huvurugika. Kadhalika, vyandarua vya mbu vinapotumika kukusanya dagaa wa chambo, hunasa pia vitoto vya samaki ambao wangalivuliwa wakubwa baada ya miezi kadhaa. Huko ni kula mbegu. Uchimbaji ulio na busara hufukia shimo, hubadilisha mahali, na huchukua kinachotosha safari moja. Maadamu chambo cha ziada hufa kabla ya kesho, tamaa hapa haina hata faida.

Chambo na mwanafunzi wa Kiswahili

Yamkini msomaji anauliza haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa namna mbili. Kwanza, taswira ya chambo imeenea katika mazungumzo na maandishi yetu. Tunasema mtu ametumiwa kama chambo, au mpiga kura ametegewa chambo. Anayeujua uvuvi huona zaidi: kwamba chambo humfichua anayelengwa, kwani kimeteuliwa kwa kufuata njaa yake, na kwamba chambo hai huumia kabla ya windo. Katika riwaya fupi ya Ernest Hemingway, The Old Man and the Sea (1952), mzee Santiago hushusha vyambo vyake katika vina tofauti: pima 40, 75, 100 na 125. Msomaji asiyejua uvuvi atazipita tarakimu hizo. Anayejua ataiona humo tabia ya mzee: ni mtu anayeheshimu kipimo hata bahati ilipomkimbia.

Pili, msamiati huu umo hatarini. Mtoto wa mvuvi hufundishwa shuleni majina ya sehemu za kompyuta, jambo jema, lakini huenda asijue tofauti ya bamvua na maji mafu, au ya lema na uzio. Neno moja linapopotea, hupotea pamoja na maarifa yaliyolibeba.

Hitimisho

Tumeona kuwa uteuzi wa chambo hufuata chakula, hisi, mdomo na uimara. Kwamba kila uvuvi una chambo chake. Na kwamba kukipata chambo ni kazi yenye ujuzi na yenye athari. Ingefaa wanachama wa vyama vya Kiswahili wanaotoka Lamu, Kilifi, Kwale na kandokando ya ziwa waandike, likizoni, majina ya vyambo na ya vifaa kama yanavyotamkwa na wazee wao, pamoja na maelezo ya matumizi. Wazee hao hawatakuwapo daima. Nasi tukitaka kuivua hazina hiyo, chambo chetu ni subira na masikio yaliyo wazi.