Kompyuta Tatu, Printa Moja: Namna ya Kuunganisha Ofisi ya Parokia



Likizo iliyopita nilitumwa kukaa parokiani na kusaidia kazi za ofisi. Ofisi ilikuwa na kompyuta tatu: ya Paroko, ya katibu na ya mhasibu. Printa ilikuwa moja tu, mezani kwa katibu. Aliyetaka kuchapa kitu alikiweka kwenye flashi, akaenda kwa katibu, akamwomba ampishe kidogo. Kwa mtindo huo, orodha ya watoto wa Kipaimara ilikuwa na nakala moja katika kila kompyuta, na nyingine katika flashi yangu.

Siku mbili kabla ya Askofu kufika, nilichapa vyeti kutoka kwenye flashi yangu. Sikujua kwamba katibu alikwisha kuongeza jina la binti mmoja aliyemalizia mafundisho kigangoni. Baada ya Misa watoto waliitwa mmoja mmoja kupokea vyeti. Binti yule akabaki amesimama peke yake, wazazi wake wakimtazama. Paroko alimwandikia cheti kwa mkono jioni ile ile, mambo yakaisha. Lakini mimi sijausahau uso wake.

Kosa lilikuwa langu. Hata hivyo, orodha moja ikikaa mahali panne, siku moja itamkosea mtu. Wiki iliyofuata nilimwomba Paroko ruhusa tuziunganishe kompyuta zile. Kazi ilikwisha kwa siku moja. Naomba niwaeleze tulivyofanya, maana hata nyumbani au shuleni namna ni hiyo hiyo.

Mtandao wa ndani ni nini?

Wengi wetu tukisikia neno mtandao tunafikiria intaneti. Mtandao wa ndani ni kompyuta za jengo moja kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Hauli bando. Hata bando likiisha, faili litatoka chumba hiki kwenda kile bila shida.

Kifaa kikuu ni ruta. Ruta hutoa Wi-Fi, na nyingi zina matundu machache ya kuchomeka waya. Kazi yake ni kuipa kila kompyuta anwani, kwa mfano 192.168.1.10. Anwani zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa mitandao ya ndani, ndiyo maana parokia mbili zinaweza kuwa na anwani zilezile bila kugongana. Kompyuta ya mezani iunganishe kwa waya, ambao unaweza kufika mita 100. Wi-Fi iachie kompyuta mpakato, ukikumbuka kwamba kuta nene za majengo yetu ya zamani huidhoofisha.

Hatua za kufuata katika Windows

1. Unganisha kompyuta zote kwenye ruta moja. Badilisha nywila ya Wi-Fi, na pia nywila ya kuingilia kwenye ruta yenyewe. Usiache ile iliyotoka nayo dukani.

2. Ipe kila kompyuta jina linaloeleweka. Sisi tulitumia OFISI, PAROKO na MHASIBU. Kisha izime na kuiwasha upya.

3. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, uchague kwamba mtandao huo ni wa binafsi, si wa umma. Halafu ruhusu kompyuta ionekane na ishirikishe mafaili na printa. Hapa ndipo wengi hukwama: mtandao ukiandikwa kuwa wa umma, Windows huificha kompyuta isionekane na wenzake.

4. Chagua kompyuta moja iwe ghala. Kwetu ilikuwa OFISI. Tengeneza humo akaunti yenye nywila kwa kila mtumiaji, kisha tengeneza folda moja, tuseme PAROKIA. Bofya folda hiyo kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, nenda sehemu ya kushirikisha, utaje nani aruhusiwe kuingia.

5. Kwenye kompyuta nyingine, fungua dirisha la mafaili na uandike \\OFISI katika mstari wa anwani ulio juu. Utaulizwa jina na nywila. Jaza zile za akaunti uliyotengeneza kwenye OFISI, si za kompyuta uliyoikalia.

6. Kwa printa, fungua sifa zake kwenye OFISI na uweke alama ya kuishirikisha. Kisha kwenye kompyuta nyingine fungua tena \\OFISI, ubofye printa mara mbili, nayo itaongezwa. Kumbuka kwamba OFISI ikizimwa au ikilala, hakuna atakayechapa. Kama printa ina Wi-Fi au tundu lake la waya wa mtandao, iunganishe moja kwa moja kwenye ruta, uepuke tatizo hilo.

Nani aone nini?

Kushirikishana si kuacha milango yote wazi. Kila folda inaweza kuwekewa kiwango: huyu asome tu, huyu aweze kubadilisha, yule asiingie kabisa. Hesabu za parokia zina wahusika wake. Habari za wachumba wanaojiandaa kwa ndoa ni za faragha, nazo zisiwe mbele ya kila mpita njia. Nywila ya Wi-Fi ya ofisi isigawiwe kwaya nzima siku ya mazoezi. Ruta nyingi zina mtandao wa pembeni kwa ajili ya wageni.

Jambo jingine ni nakala ya akiba. Sasa kila kitu kiko mahali pamoja, basi diski ya OFISI ikifa, kila kitu kimekufa nayo. Kila wiki nakili folda kwenye diski ya nje, kisha uichomoe na kuifungia mahali pengine. Ikibaki imechomekwa, kirusi kitakachoharibu kompyuta kitaiharibu na yenyewe.

Na vitabu vya Ubatizo, Ndoa na Marehemu? Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inataka kila parokia iwe navyo na ivitunze vizuri. Kompyuta hurahisisha kutafuta jina, lakini haituondolei wajibu wa kuandika kitabuni.

Siku ya mwisho ya likizo nilijaribu kufungua orodha ya wakatekumeni. Kompyuta ikaniambia faili linatumika na mwingine, ningeweza kulisoma tu. Katibu alikuwa chumba cha pili akiongeza jina. Nilisubiri amalize, ndipo nikachapa.